Tumbo la Kitambaa

Nilikwenda Kanada kwa sababu ya mchoro. Hapa Morogoro wengine walisema nimekwenda kutembea, wengine kutibiwa, na jirani yangu mmoja akaeneza kwamba nimeuza kiwanja. Sikuuza kitu. Mimi ni fundi wa shela. Shuleni niliishia darasa la tatu, nikaanza kwa kupinda kanga barazani kwa watu, na leo nina duka langu nyuma ya soko, shela zimening'inia ukutani kuanzia mlangoni hadi chooni, za kukodi na za kushona. Tiketi nilikata kwa mikono yangu hii.

Mchoro ulitoka kwa binti yangu Skolastika, Skola tunavyomwita, ambaye alikwenda Toronto kusomea ubunifu wa mavazi, akapata kazi huko huko, na sasa alikuwa anaolewa huko huko. Aliutuma kwa kompyuta, steshenari wakanichapia. Akaandika chini: "Mama, hili ndilo gauni langu la harusi."

Nililiangalia gauni lile mpaka chai ikapoa. Kiuno kilikuwa kimepandishwa hadi chini ya matiti. Kutoka hapo kitambaa kilimwagwa mbele, mikunjo juu ya mikunjo, na mwanamke aliyechorwa alikuwa amekikusanya kwa mkono mmoja akakishikilia juu ya tumbo. Tumbo lenyewe limetangulia kama mkate uliovimba.

Sasa sikiliza. Kwa mtu wa kazi yangu gauni la namna hiyo lina maana moja tu. Bibi harusi anakuja na mama yake, mama anakohoa, anaangalia mlangoni, halafu ananinong'oneza: "Fundi, mbele uache nafasi kidogo, huyu mwanangu anapenda kupumua." Mimi siulizi. Napandisha kiuno, namwaga kitambaa, na siku ya harusi shangazi za bwana harusi wanakodoa macho wasione kitu. Nimeficha matumbo mengi kuliko padri alivyosikia maungamo.

Nikampigia simu. "Skola, gauni gani hili?"

"Ni mtindo wa zamani, Mama. Wa Italia, miaka mia tano iliyopita. Ndiyo kazi tunayofanya pale ninapofanya."

"Kwa hiyo waliokufa miaka mia tano ndio watakaokuvalisha, mimi mama yako nipo?"

Akacheka. Kicheko chenyewe sikukiamini.

Nisikufiche, nilikasirika na nikafurahi kwa pamoja. Sisi Waluguru ukoo unapita kwa mama. Nina wana wawili wa kiume, na watoto wao nawapenda, lakini wale ni wa ukoo wa mama zao. Anayeweza kuniletea mtu wa ukoo wangu ni Skola peke yake, na alikuwa amefika umri ambao watu walishaanza kuniuliza kanisani. Kama kuna mimba, basi kuna mimba, ndoa itaifunika. Lakini kwa simu mtoto anadanganya. Nilitaka kuuona mwili.

Dar es Salaam, uwanja wa ndege. Mkasi wangu niliufunga katikati ya vitenge kwenye sanduku kubwa, maana niliambiwa ukipanda nao wanaukamata. Utepe wa kupimia niliuvaa shingoni kama rozari. Askari akauliza ni wa nini. Nikamjibu, "Wa kupima watu wanaouliza maswali." Alicheka, akanipitisha. Ndani ya ndege mtu wa pembeni yangu alilala kabla hatujaruka, na mtu anayelala upesi hivyo mahali pageni namtilia mashaka, kwa hiyo nilishika mkoba wangu njia nzima.

Toronto tulifika mchana wa mwezi wa tano, jua linawaka na baridi ipo. Hilo nalo lilikuwa la kutiliwa shaka; kwetu jua likiwaka limewaka. Skola alikuwa amesimama nyuma ya kamba na kijana mrefu, mweupe wa Kihindi, mwenye maua. Nilimkumbatia binti yangu taratibu, mikono nikaizungusha kiunoni kama ninavyomzungusha mteja. Alikuwa amekonda. Nikajisemea, miezi ya mwanzo hiyo, wengine hukonda.

"Shikamoo, Mama," akasema yule kijana. Huyo ndiye Nelson, mchumba. Wazazi wake ni Wagoa wa Tanga waliohamia huku zamani. Yeye amezaliwa huku, Kiswahili alichonacho ni salamu. Na salamu yenyewe hajui pa kuiweka. Alinipa shikamoo uwanjani, akanipa tena kwenye gari, akashuka kununua maji, akarudi akanipa ya tatu.

"Mwambie moja inatosha kwa siku," nikamwambia Skola.

"Mwache, Mama. Amefanya mazoezi wiki nzima."

Malvern ndipo Skola anapokaa, upande wa mashariki wa mji, ghorofa ya tatu, majirani Watamil na Wajamaika, na pilipili unaisikia kwenye ngazi. Hapo nilianza upelelezi wangu bila kumwambia mtu. Akipanda ngazi, mkono mmoja unashika chini ya tumbo. Nikaweka akilini. Sanduku langu hakulibeba, alimwachia Nelson. Nikaweka akilini. Kabatini bafuni kulikuwa na vidonge vya kuongeza damu. Kwetu nani anayepewa vidonge vya damu kama si mwenye mimba? Akirudi kazini analala kabla ya chakula, viatu miguuni. Nilikuwa na ushahidi wa kutosha kumpeleka mtu mahakamani.

"Skola, una jambo la kuniambia?"

"Jambo gani, Mama?"

"Lolote."

Akanisogezea sahani. "Nimechoka tu. Kula."

Barabara ya Queen, mjini kati. Siku ya tatu au ya nne Skola alinipeleka kazini kwake, chumba kirefu cha ghorofani juu ya duka la vifungo. Humo nilijisikia nyumbani kwa sababu ya sauti ya vyerehani, lakini nguo zilinitia wasiwasi. Koti zuri la bluu, kitambaa kizito cha bei, mikono yake imechanwa chanwa kuanzia begani hadi kiwikoni, na katika kila mpasuko umevutwa nje kitambaa cheupe cha ndani, kinachungulia kama utumbo.

"Nani amelichana hili?"

"Mimi."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi, Mama. Zamani wenye uwezo walifanya hivyo, uone kwamba hata nguo ya ndani ni ya bei. Wanasema ilianza kwa askari walioshinda vita, wakavaa nguo za walioshindwa, zikawabana, wakazipasua ili zienee."

"Nguo za wizi, basi."

"Ndiyo. Halafu wafalme wakawaiga wezi."

Nikazunguka. Kulikuwa na koseti, ile fulana ngumu ya kubana kiuno, lakini msichana anayejaribu nguo aliivaa juu ya shati, nje, na suruali ya jinzi. Kulikuwa na blauzi zenye mikono inayotoka. Unaifunga begani kwa utepe, ukichoka nayo unafungua unafunga mingine. Hiyo nilielewa. Nikamwambia Skola kwamba mwenye gauni moja na mikono mitatu ana magauni matatu, na kwamba aliyebuni hivyo, awe wa Italia au wa Kilosa, alikuwa anaijua shida.

Binti yangu alifurahi mno. "Ndiyo hivyo hivyo! Na waliikodisha mikono hiyo, Mama. Waliiweka rehani. Hata nguo za harusi, upande wa mwanamume ndio uliomvalisha bibi harusi, na harusi ikipita nguo nyingine zinakodishwa au zinauzwa. Kulikuwa na watu kama wewe."

Sikutaka aone nimependa. Nilisema, "Hakuna watu kama mimi." Lakini moyoni nilipenda.

Makumbusho. Kutoka hapo tulipanda treni ya chini ya ardhi hadi jumba kubwa la vitu vya kale, ambako siku hizo walikuwa wametundika picha na nguo za enzi hiyo. Ndani kuna giza kidogo, eti taa zinaunguza rangi. Duka lenye giza mimi huwa nalishuku, linaficha mishono mibaya.

Wanawake wa kwenye picha walinishangaza kwa sura. Mapaji makubwa, nyusi hakuna, nyuso nyeupe kama ugali wa sembe. Nilidhani wamefiwa, kwetu anayenyoa hivyo ana msiba.

"Walinyoa nywele za mbele ili paji liwe refu," Skola akaeleza. "Ndio uliokuwa uzuri. Nyusi walizing'oa. Na weupe ule ni unga wa madini ya risasi, walijipaka."

"Risasi? Haiwachomi?"

"Iliwala ngozi. Wengine iliwaua."

"Mkorogo," nikasema.

"Mkorogo, Mama. Mkorogo mtupu."

Nilisimama mbele ya mmojawapo nikamtazama vizuri. Pale nyumbani nimewavalisha shela wasichana ambao uso ni wa chungwa na vidole ni vyeusi, na nikawaambia mama zao bila kuficha kwamba mkorogo unamla mtoto. Wananiona mshamba. Kumbe ushamba huo umevuka bahari na miaka mia tano, na ulivaa hariri.

Halafu tukafika kwenye nakala ya picha moja, ya mke wa mfanyabiashara wa Italia. Mwanamke amesimama kando ya kitanda, gauni la kijani, kiuno juu, kitambaa chungu nzima amekikusanya mbele ya tumbo. Gauni la Skola lenyewe.

"Huyu ana miezi saba," nikasema.

"Hapana. Huo ni mtindo. Kitambaa kilikuwa ghali, basi anakibeba mbele aonyeshe wingi wake. Tumbo kubwa lilikuwa urembo, kama paji."

"Nani amekwambia?"

"Nimesomeshwa."

"Waliokusomesha walikuwepo? Walimpapasa?"

Mlinzi wa pale alitutazama, maana sauti yangu haijazoea makumbusho. Skola akainamisha uso, akasema polepole, "Mama, mbona unang'ang'ania tumbo?" Nilimwangalia mkono wake. Ulikuwa umeshika chini ya kitovu, palepale.

Mississauga, Jumapili. Nelson alitupeleka kwao kwa gari, upande wa pili wa mji, mwendo mrefu kupita maghorofa na maduka yenye viwanja vya magari vikubwa kuliko maduka yenyewe. Mama yake ni mjane kama mimi. Alitoka mlangoni akaniita "dada" kwa Kiswahili cha Tanga cha zamani, safi, kama amekifungia kabatini miaka yote na leo amekitoa kipunge upepo. Akanishika mikono miwili.

"Ingia, dada, ingia. Haki ya Mungu, tangu mume wangu afe sijasema Kiswahili na mtu mzima. Watoto hawa ukiwaambia 'leta kijiko' wanakuletea kiti."

Nilimpenda, na nikajionya. Mkwe anayependeza siku ya kwanza ana lake. Tulikula samaki wa kukaanga, wali wa nazi na achari. Akanieleza mila yao: upande wa bwana harusi wananunua kitambaa chekundu, na kabla ya harusi fundi anakikata mbele ya wazee wa pande zote mbili. Nguo hiyo bibi harusi anaivaa akishavua nyeupe. "Na safari hii fundi ninaye mezani," akasema. "Alhamisi nitakileta Malvern, utakikata wewe." Nikakubali. Heshima hiyo sikuitegemea.

Baadaye vijana walitoka kuosha gari. Tukabaki wawili na chai. Akaanza kulalamika kwamba Nelson ni mwanawe wa pekee, kwamba wenzake kanisani wote wana wajukuu, kwamba Skola ni msichana mzuri lakini anafanya kazi sana, na wasichana wa kazi huwa wanasema baadaye, baadaye.

Mimi nilikuwa nimelibeba jambo langu tangu Morogoro. Na nilitaka kujua kama yeye anajua na ananificha. Nikasema, "Dada, wewe hujaliona gauni?"

"Gauni gani?"

Nikautoa mchoro kwenye mkoba, nikauweka mezani, nikauwekea kidole. "Mimi nimeshona shela maisha yangu yote. Gauni hili halishonewi mtu mwenye tumbo tupu. Mjukuu wako yuko njiani. Wao wanatufanya sisi hatuna macho."

Aliangalia mchoro, akaniangalia. Halafu mama wa watu akainuka, akaja akanibusu huku na huku, machozi yanamtoka. "Nisimwambie mtu?"

"Tuwasubiri waseme wenyewe," nikasema. Nilijiona mjanja sana.

Malvern, Jumanne jioni. Kengele ikalia. Mama Nelson hakupanda. Alimpa Skola mfuko mlangoni chini, akamshika shavu, akarudi kwenye gari la jirani yake. Skola akapanda nao. Ndani kulikuwa na chupa ya supu ya mifupa, na chini ya chupa, kofia tatu ndogo za sufi. Ndogo za kuenea kwenye ngumi.

Skola akaziweka mezani moja moja. "Mama, umemwambia nini mama yake Nelson?"

"Nimemwambia kilichopo."

"Kipi kilichopo?"

"Skola, mimi ndiye niliyekuzaa. Vidonge nimeviona. Mkono wako nauona unavyoshika tumbo. Gauni lenyewe linasema."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alifungua kifungo cha chini cha blauzi, akashusha sketi kidogo, akanionyesha. Kovu lilikuwa jipya bado, jekundu, limekata chini ya kitovu upande hadi upande, kama mshono ulioshonwa na mtu mwenye haraka.

"Uvimbe, Mama. Ulikuwa mwingi. Walinipasua mwezi wa kwanza, damu ikapungua, ndiyo hivyo vidonge. Kizazi wamekiacha, lakini daktari amesema nisikitegemee. Anaweza kuja mtoto, anaweza asije. Zaidi anaona asije."

Haya ninayaandika kwa ruhusa yake. Nilimuuliza mara mbili, akasema niandike, wapo wengi wanaonyamaza nayo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja."

"Si nimekuja?"

"Umekuja kwa ajili ya tumbo, Mama. Hukuja kwa ajili yangu."

Mimi ni mtu wa kujibu. Sokoni wananijua, polisi wananijua, hata askofu alishawahi kujibiwa. Safari hii niliinuka nikapasha ile supu, nikammiminia, akainywa, kwa sababu damu ilikuwa inaihitaji.

Baadaye nikauliza, "Na gauni? Kwa nini gauni lenye tumbo, kwa mtu aliye na habari hiyo?"

"Nililichora kabla ya hospitali. Nililipenda kabla ya hospitali. Nilipotoka nikasema nikilibadilisha, na hilo nalo litakuwa wamelikata."

Gauni lilikuwa limeshashonwa kazini kwake. Nikamwambia naweza kulipunguza mbele, kazi ya siku moja, watu wasiseme. Akakataa. Akaniambia la kupunguza si gauni. La kwanza ni Mama Nelson, maana yeye Skola hataingia kanisani huku mkwewe bado anafuma kofia za mtoto.

"Nitakwenda kumwambia nilikosea," nikasema.

"Utamwambia nusu, naye atabaki anangoja. Nitasema mimi."

Mississauga tena, Jumatano, kwa treni mara hii, ile ya watu wa ofisini. Hakuna anayezungumza humo. Kila mtu ameshika simu yake, zile za kupapasa zilizokuwa ndiyo kwanza zimeanza kufika hata Morogoro. Nilidhani wanasikiliza mambo yetu, lakini hatukuwa tunasema kitu.

Mama Nelson alitukaribisha jikoni, amechangamka, amekwisha andaa vikombe. Skola alimrudishia zile kofia, akamwambia akiwa amesimama, kwa Kiswahili, kwa ufupi: uvimbe, upasuaji, alichosema daktari.

Yule mama akakaa. "Nelson anajua?"

"Ndiye aliyenipeleka hospitali. Alilala kwenye kiti."

"Mwanangu amelala hospitali, na mimi nadhani yuko safari ya kazi." Kisha akanigeukia mimi. Uso ule wa Jumapili haukuwepo. "Na wewe, dada. Ulinipa mjukuu mezani kwangu. Nilishampa jina."

Nikasema, "Nimekosea. Niliona kitambaa nikadhani nimeona mtoto."

"Wewe fundi."

"Mimi fundi."

Mlango wa nyuma ukafunguka, Nelson akaingia kutoka kazini, akatukuta wanawake watatu na vikombe visivyonywewa. Kiswahili hakipati, lakini sura zetu alizipata. Alisimama akashika kofia yake, akatafuta neno, akapata moja tu. "Shikamoo," akasema.

Mama yake akasema, "Naomba mniache leo."

Kwenye treni ya kurudi Skola aliegemeza kichwa dirishani. "Kesho ni Alhamisi. Asipokuja na kitambaa sitamlaumu."

Mimi nilikuwa nimeshamlaumu tayari. Nilimwona akimkalisha mwanawe chini, akimwambia wewe ni wa pekee, fikiri vizuri. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo, sitakwambia uongo. Ndiyo maana nilimshuku.

Alhamisi, Malvern. Tulisafisha meza, nikatandika shuka, nikaweka mkasi na chaki. Skola alisema usiweke. Niliweka. Mchana ukapita. Watoto wa jirani wakarudi kutoka shule, wakapiga mpira ukutani, wakaitwa kula. Skola alikuwa ameshaanza kukunja shuka ndipo kengele ikalia.

Alipanda ngazi mwenyewe, anapumua kwa shida, Nelson nyuma yake. Hakuwa na poda wala lipstiki, na alionekana ana umri wake. Mkononi ana kitambaa chekundu kwenye karatasi.

"Nimekuja na kitambaa," akasema. "Maneno sina."

"Kitambaa kinatosha," nikamwambia. "Keti."

Nikamsimamisha Skola katikati ya chumba. Nikampima kifua, nikampima kiuno, nikampima nyonga, na kila kipimo nilikisema kwa sauti ili mkwe wangu asikie mwili wenyewe unasemaje, kusiwe na cha kubahatisha. Nikatandaza kitambaa, nikachora kwa chaki. Mama Nelson alikuwa amesogeza kiti, anafuata mkono wangu kwa macho.

"Hutaacha ziada kiunoni? Nguo hii wanawake wetu huiweka. Huivaa tena baadaye, wakiwa..."

Kazi yangu yote nimeacha ziada. Kwa wenye mimba, kwa watakaonenepa, kwa wanaoombewa. "Hapana, dada," nikasema. "Namshonea huyu aliyesimama hapa."

Akamwangalia Skola kwa muda. Skola naye hakuangusha macho. Halafu yule mama akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chekundu, akaivaa tena. "Kata," akasema.

Nikakata. Nelson alikuwa ameshika ncha moja ya kitambaa isiteleze, na safari hii hakunisalimu.

Jumamosi, kanisani. Gauni lenye tumbo lilivaliwa kama lilivyochorwa, mikono imefungwa kwa utepe begani, nyeupe ya ndani inachungulia kwenye mipasuko. Nilipita mbele nikisikia minong'ono nyuma kwa Kiingereza, kwa Kigoa na kwa Kiswahili. Kiingereza sikukielewa, lakini hesabu ya miezi inanong'onwa namna moja kila mahali. Kwenye ngazi za kanisa kitambaa kilimlemea Skola. Mama Nelson akainama, na magoti yake yanayouma, akakikusanya chote kwa mbele, akampandishia juu ya tumbo na kuuweka mkono wa binti yangu hapo. Kisha akageuka akawaangalia waliokuwa wananong'ona, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakanyamaza.

Bado namchunguza yule mama. Kila Jumapili namwuliza Skola kwa simu, amesema nini, amekaaje, kofia zile amezipeleka wapi. Skola ananijibu, "Mama, mbona humpigii mwenyewe?" Siku hizi nampigia mwenyewe. Tunazungumza Kiswahili mpaka salio linakwisha, na mara nyingi hatuwataji watoto wetu.

Morogoro. Nilirudi nikatundika dukani picha ya Skola akiwa na gauni lile, kubwa, palepale mteja anapoingia. Wanawake wa jumuiya ya kanisani walikuja kunipa pole ya safari, wakaitazama, wakatazamana. Mmoja akauliza, "Mama Skola, alikuwa na mingapi hapo?"

"Umekuja kukodi shela," nikamwuliza, "au kukagua kizazi cha mtu?"

Nilichojifunza huko ni kidogo na ninakijua vizuri. Nilidhani nasoma mwili kupitia nguo, kumbe nilikuwa nasoma nilichokitaka. Wale mafundi wa Italia walimwaga kitambaa mbele ya kila mwanamke aliyeweza kukinunua, mwenye mimba na asiye nayo, na mtazamaji akabaki na ujinga wake. Nami nimewaiga. Aliyeuliza swali lile alirudi wiki iliyofuata na binti yake, akataka gauni la pichani. Baada yake akaja mwingine. Msimu ule wa harusi nilishona ya namna hiyo mpaka kitambaa kikaniishia, kiuno juu, mikunjo mbele, mkono wa bibi harusi juu ya tumbo.

Sasa pale kanisani, kwenye viti vya nyuma, wanaokuja kuhesabu miezi ya watu hawajui waanzie kwa nani. Padri mwenyewe alinisimamisha nje ya misa akaniuliza mbona mabibi harusi wa mwaka huu wote wanafanana. Nilimwambia, "Baba, huo ni mtindo wa Italia. Ukitaka zaidi, waulize Roma."